Pete ya uchumba isiyo na damu wala zebaki: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

Mpwa wangu alikuja nyumbani Mwanga na mchumba wake, siku chache baada ya barua ya posa kujibiwa. "Shikamoo mjomba, tunatafuta pete isiyo na dhambi." Nilikuwa nimewahi kukaa dukani kwa sonara miaka kadhaa, ndiyo maana wakanijia mimi. Walikuwa wameshasikia mengi, na karibu yote yalikuwa nusu kweli.

"Almasi ikiwa na cheti cha Kimberley haina shaka"

Mfumo wa Kimberley, yaani makubaliano ya nchi kuhusu biashara ya almasi ghafi, ulianza kazi mwaka 2003, baada ya waasi wa Sierra Leone na Angola kuuza almasi na kununua bunduki. Unachokizuia ni hicho tu: almasi ghafi inayowagharamia waasi wanaopigana na serikali. Mtoto akichimba, mchimbaji akipigwa na walinzi, cheti bado kinatoka. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, hapo Shinyanga jirani na Tabora, lilipasuka na tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Kimberley haina la kusema kuhusu jambo kama hilo. Tena cheti huandikiwa mzigo wa mawe ghafi yanapovuka mpaka, si jiwe moja lililokwisha kukatwa na kung'arishwa. Muuzaji akikunyooshea pete na kukwambia "hii ina Kimberley", muulize jiwe limechimbwa wapi. Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

"Tatizo ni jiwe, dhahabu haina neno"

Neno hili likisemwa Kigoma mimi hucheka. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kivu Kusini huko Kongo, dhahabu imelisha makundi yenye silaha miaka mingi. Marekani ilipotunga sheria mwaka 2010 kuzitaka kampuni zieleze zinakopata madini ya Kongo na jirani zake, dhahabu ilikuwamo pamoja na bati, tantalamu na tangsteni. Na dhahabu ina hila kuliko jiwe: ukishayeyusha ya mahali pawili ikawa donge moja, hakuna sonara atakayeitenganisha kwa macho.

Halafu kuna zebaki. Nenda kwa wachimbaji wadogo, kama wale wa Nzega: mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, zebaki inanasa chembe za dhahabu, kisha donge linachomwa, mara nyingi hapo hapo kwenye karai, watoto wakipita. Mvuke wa zebaki hauna harufu. Unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Inayoingia majini hugeuka sumu inayojilimbikiza kwenye samaki, na sisi tunaokula migebuka hatuwezi kulichukulia hilo kama habari ya mbali. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Kuchomea kwenye chombo kilichofungwa, kinachorudisha mvuke uwe zebaki tena, kunapunguza sana madhara.

Msije mkasema basi dhahabu ya wachimbaji wadogo isiguswe. Inasomesha watoto, na migodi mikubwa nayo ina sumu yake ya sianidi na mabwawa yake ya tope. Tangu 2019 tuna masoko ya madini. Sonara anayenunua huko ana risiti, mwombeni awaonyeshe. Lakini tusidanganyane: risiti inasema mrabaha wa serikali umelipwa, haisemi donge lilichomwaje.

"Almasi ya maabara ni feki"

Si feki. Ni kaboni ile ile, ugumu ule ule wa 10 kwenye kipimo cha Mohs, na sonara haitambui kwa macho matupu. Feki ni kioo kinachouzwa kwa jina la almasi. Ila kuikuza kunakula umeme mwingi, na viwanda vingi viko China na India, ambako makaa ya mawe bado yanazalisha sehemu kubwa ya umeme. Bei yake pia imeshuka sana, kwa hiyo asiwepo wa kuinunua kama akiba.

"Basi tanzanaiti, ni ya nyumbani"

Inatoka Mererani tu, dunia nzima. Ila ugumu wake ni kama 6 na nusu, na mchanga wa kusugulia sufuria utaikwaruza. Ivaeni kwenye hereni.

"Pete ya kuyeyusha dhahabu ya zamani ni ya kimaskini"

Hapa dada yangu, aliyekuwa kimya muda wote, aliingia chumbani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo: hereni za marehemu mama zilizokatika na kipini kimoja. Dhahabu haichakai kwa kuyeyushwa, na hii haihitaji shimo jipya wala tone jipya la zebaki. Kwa sonara ilisuguliwa kwenye jiwe jeusi, ikadondoshewa asidi, ikaonekana ni karati 18, yaani sehemu 750 katika 1,000. Niliwaambia wasiondoke dukani, maana donge la mtu hubadilishwa mwenyewe akienda kunywa chai.

Mpwa wangu alisimama kwenye mizani tangu mwanzo hadi mwisho. Pete ilipotoka, sonara alikung'uta vumbi la tupa kwenye kipande cha gazeti, akalikunja, akampa. Nalo lilikuwa lao.