Mkate wa baga: ulitoka wapi?

Mkate wa baga ni mkate mdogo wa duara, laini, wenye utamu kwa mbali, unaopasuliwa ubavuni ili kupata vipande viwili: cha chini kilicho bapa na cha juu chenye mgongo. Ukiijua skonzi ya dukani, nusu ya habari unayo. Huu wa baga ni mpana zaidi, haukuinuka sana, na umetengenezwa kwa ajili ya kubeba kitu. Hiyo kazi ya kubeba ndiyo iliyouzaa.

Maana baga ilitangulia, mkate wake ukafuata. Karne ya 19 Wajerumani wengi waliohamia Marekani walipandia meli kwenye bandari ya Hamburg, na mikahawa ya New York ikawa inauza nyama ya kusaga iliyokaangwa kwa jina la steki ya Hamburg. Ililetwa kwenye sahani, ikaliwa kwa kisu na uma. Mkate, kama ulikuwepo, ulikaa pembeni.

Nani aliiingiza nyama hiyo ndani ya mkate? Wadai ni wengi. Mji wa Seymour, Wisconsin, unamtaja Charlie Nagreen: inasemekana mwaka 1885, akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa akiuza madonge ya nyama kwenye maonyesho ya kilimo, akaona wateja wanayapita kwa sababu hayaliki huku mtu anatembea. Akayabonda, akayabana kati ya slesi mbili. New Haven, Connecticut, kuna mgahawa wa Louis' Lunch unaosema baga yake ilianza mwaka 1900, na mpaka leo unaiuza ndani ya slesi za mkate wa tosti. Tomato sosi ukiomba, hupewi.

Lakini angalia, wote hao wanasimulia habari za slesi, na slesi ina matatizo yake. Nyama ni ya duara, mkate ni wa mraba, kwa hiyo pembe zinabaki tupu. Mafuta ya nyama yakishuka, slesi ya chini inalowa na kukatika kabla mtu hajafika nusu. Aliyekaa mezani hilo si neno. Anayekula amesimama, ni shati linaloharibika.

Anayetajwa zaidi kwa kuliondoa tatizo hilo ni Walter Anderson, mpishi wa Wichita, Kansas. Mwaka 1916 alifungua kibanda chake. Nyama aliibonda ikawa nyembamba, akaikaanga upesi juu ya bati la moto pamoja na vitunguu, kisha akaiweka ndani ya mkate wa duara badala ya slesi. Bei ilikuwa senti 5. Mwaka 1921 aliungana na Billy Ingram, wakakopa dola 700 na kuanzisha White Castle, kampuni ya vibanda vya baga. Wakati ule Wamarekani wengi waliiogopa nyama ya kusaga. Uchafu wa machinjio ya Chicago ulikuwa umeanikwa hadharani, na sheria ya ukaguzi wa nyama ilikuwa imepitishwa mwaka 1906. Ndiyo maana vibanda vya kampuni hiyo vilikuwa vyeupe, na nyama ilipikwa mbele ya macho ya mteja. Upishi wao unaojulikana ni huu: vitunguu vinatandazwa kwenye bati, nyama inalala juu yake, na mkate unawekwa juu ya nyama ikiwa bado jikoni, ili mvuke wenye harufu ya kitunguu uuingie.

Watu wa Tulsa, Oklahoma, hawakubali. Wao wanasema mwaka 1891 Oscar Bilby alichoma nyama shambani kwake, na mkewe Fanny akaoka mikate ya duara ya hamira ya kuiwekea. Mwaka 1995 gavana Frank Keating alitangaza rasmi kwamba baga ya kweli ilizaliwa Tulsa, na hoja ilikuwa hiyohiyo ya mkate: nyama kwenye slesi si baga. Hoja naiona ya haki. Ila ushahidi wa akina Bilby ni simulizi za familia, na aliyeusambaza mkate huo kibiashara ni Anderson.

Ulaini wake unatokana na maziwa, sukari na mafuta yanayotiwa kwenye unga. Mafuta yanazuia gluteni (protini ya ngano inayovutika) isikaze, kwa hiyo mkate unakatika kwa meno bila kuvutana; ukiwa mgumu, mlaji akiuma, nyama inachomoka upande wa pili. Sukari inashika unyevu na kuupa mgongo rangi ya kahawia. Uso uliokatwa ukipashwa kidogo kwenye bati, unapata ngozi nyembamba inayochelewesha mafuta kupenya. Mpishi anayeruka hatua hiyo anauza uji.

Baadaye biashara iliuchonga tena. Ray Kroc wa mikahawa ya McDonald's alikuta mikate inaletwa imeshikana kwa mafungu na haijakatwa mpaka mwisho. Akataka ije mmoja mmoja, imepasuliwa kabisa, ili wapishi wasipoteze muda. Bob Wian, mwenye mgahawa huko Glendale, California, alikuwa ameshaupasua mara mbili mwaka 1937 ili ubebe nyama mbili, mtindo ambao Big Mac, baga ya McDonald's, iliufuata mwaka 1967. Ufuta wa juu kwa sehemu kubwa ni pambo.

Siku hizi mikahawa ya bei kali inapenda brioche, mkate wa Kifaransa uliojaa siagi na mayai. Unang'aa vizuri kwenye picha, lakini mara nyingi utamu wake unaishinda nyama. Bora ule wenye viazi ndani yake, wa asili ya Wajerumani wa Pennsylvania: wanga wa kiazi unashika maji, hivyo mkate unakunjika bila kupasuka.