Je, wajua kwa nini riwaya ya Mkristo Madeleine L'Engle ilipigwa vita na Wakristo wenzake?

Madeleine L'Engle alisali asubuhi na jioni akifuata Kitabu cha Sala cha Kianglikana. Aliongoza kwaya ya kanisa la kijijini kwake, kisha akahudumu kama mkutubi katika Kanisa Kuu la St. John the Divine jijini New York kwa zaidi ya miaka 30. Riwaya iliyompa jina, A Wrinkle in Time ya mwaka 1962, imebeba maneno ya Isaya, ya Yohana na ya Paulo kwa Wakorintho. Pamoja na hayo, wazazi Wakristo wa Marekani waliiomba iondolewe shuleni mara nyingi mno, hata ikaingia kwenye orodha ya vitabu 100 vilivyolalamikiwa zaidi katika miaka ya 1990, orodha inayotunzwa na chama cha wakutubi wa nchi hiyo. Ilikuwaje?

Kwa kifupi, walalamikaji waliona uchawi pale ambapo yeye aliona malaika. Lakini hilo halitoshi. Ugomvi ulikuwa juu ya imani yenyewe: je, mtu anayemcha Mungu ana ruhusa ya kuuliza maswali? L'Engle aliamini kwamba anayo, na riwaya yake inaonyesha dunia inavyokuwa ruhusa hiyo ikiondolewa.

Alizaliwa New York mwaka 1918, mtoto pekee wa mwandishi wa habari Charles Wadsworth Camp, aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na mapafu mabovu. Familia ilisema ni gesi ya vitani. Shuleni Madeleine alionekana mzito wa akili. Aliposhinda shindano la mashairi, mwalimu alidai ameiba shairi hilo mahali, na mama yake akalazimika kupeleka rundo la maandishi ya binti kama ushahidi. Baadaye wazazi walihamia karibu na milima ya Alps kutafuta hewa ya kumfaa baba, wakamwingiza shule ya bweni Uswisi, ambako wasichana waliitwa kwa namba. Jambo hilo hakulisahau. Katika vitabu vyake kumwita mtu kwa jina lake ni tendo la upendo, na kumfutia jina ni namna ya kumuua. Baba alifariki mwaka 1936, Madeleine akiwa na miaka 17, na binti alifika amechelewa. Sishangai kwamba riwaya yake maarufu inamhusu msichana anayevuka mbingu kumtafuta baba aliyepotea.

Baada ya Chuo cha Smith aliingia kwenye maigizo New York, na katika mchezo wa mwandishi Mrusi Chekhov akakutana na mwigizaji Hugh Franklin. Walioana mwaka 1946, wakahamia nyumba ya shamba huko Goshen, Connecticut, wakaendesha duka la kijiji na kulea watoto watatu. Kuandika hakukumlipa. Siku alipotimiza miaka 40, mwezi Novemba 1958, alipokea barua nyingine ya kukataliwa. Aliifunika mashine yake ya kuchapia, akaapa kuacha, akawa anazunguka chumbani huku analia. Ghafla akagundua kwamba kichwani tayari alikuwa anatunga riwaya kuhusu mtu aliyeshindwa. Akaifunua mashine.

Imani nayo ilikuwa inamsumbua wakati huohuo. Wachungaji rafiki zake walimpa vitabu vya wanateolojia wa Kijerumani, na majibu yao yaliyokamilika kila upande yalimchosha. Alichokipata kwa Einstein na wanafizikia wenzake kilimgusa zaidi: ulimwengu mpana, wa ajabu, usioisha kushangaza. Aliona Mungu anayestahili kuabudiwa ni yule aliyeumba ulimwengu wa namna hiyo. Baadaye alisema riwaya yake ilikuwa jibu lake kwa wale Wajerumani.

Mbegu yake iliota njiani. Mwaka 1959 familia ilisafiri kwa wiki kumi ikikatiza Marekani na kulala kwenye mahema. Walipokuwa wakipita Painted Desert, jangwa la mawe ya rangi huko Arizona, majina matatu yalimjia akilini: Bi Whatsit, Bi Who na Bi Which. Ndio bibi watatu wa ajabu wanaowachukua Meg Murry, mdogo wake Charles Wallace na rafiki yao Calvin kwenda sayari za mbali. Wanasafiri kwa kukunja nafasi yenyewe. Bi Whatsit anaeleza kwa mfano wa mdudu mdogo anayetembea kwenye vazi: ukikutanisha ncha mbili za kitambaa, mdudu anafika upande wa pili bila kutembea njia yote.

Safari inawafikisha Camazotz, na hapa ndipo ninapoona L'Engle alitangulia kwa miaka mingi riwaya za distopia, yaani za jamii za kubuni zinazowanyima watu uhuru, zinazosomwa na vijana leo. Nyumba zote zinafanana. Mbele ya kila nyumba yuko mtoto anayedundisha mpira au kuruka kamba, na mipira yote inagusa ardhi kwa wakati mmoja. Kisha mama zao wanafungua milango pamoja na kuwaita. Mvulana mmoja tu anakosea mapigo, mpira unamponyoka, na mama yake anaingiwa na hofu isiyo na kifani. Baadaye tunamkuta yule mvulana ndani ya chumba akidundisha mpira huku akilia kwa maumivu, mpaka ajifunze. Anayetawala sayari nzima ni ubongo mkubwa usio na mwili, uitwao IT, nao unaahidi kwamba ukijisalimisha hutahangaika tena kuamua lolote. Meg, ambaye kwao hafanani na mtu yeyote na anateseka kwa hilo, ndiye anayetambua kwamba watu kuwa sawa na watu kufanana ni mambo mawili tofauti kabisa.

Wachapishaji waliikataa, mara 26 au zaidi kwa kumbukumbu ya mwenyewe. Hawakujua kama ni ya watoto au ya watu wazima, na iliwasumbua kwamba uovu umesemwa waziwazi. Hatimaye mchapishaji John Farrar, aliyekutanishwa naye na rafiki wa mama yake, aliipokea. Mwaka 1963 ilishinda Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani.

Sasa turudi kwa walalamikaji. Lalamiko la kwanza ni wale bibi watatu, na mwanamke mwingine mwenye tufe la kioo anayeonyesha mambo ya mbali. Kwa mzazi mwenye wasiwasi hiyo ni ramli tupu. Naielewa hofu hiyo, maana anayeogopa kwa ajili ya mwanawe hastahili dharau. Lakini kitabu chenyewe kinasema wazi kwamba mmoja wa bibi hao aliwahi kuwa nyota, akatoa uhai wake akipigana na giza, na Calvin anawaona kuwa wajumbe wa Mungu.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Bi Who anataja maneno ya Yohana 1:5, "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza," na watoto wanaulizwa ni nani duniani waliopigana na giza. Charles Wallace anajibu mara moja: Yesu. Kisha wanaongezwa Leonardo da Vinci, Shakespeare, Bach, Einstein, Gandhi, Buddha na wengine. Wakosoaji walisema hapo Kristo amegeuzwa mmoja wa walimu wengi. Wenye kumtetea L'Engle wanaonyesha kwamba Yesu ametajwa kwanza, na kwamba waliobaki wanaakisi nuru ambayo si yao. Mimi nakubaliana nao, ingawa si ajabu mtu aliyezoea mipaka iliyochorwa kwa wino mzito akitikisika. L'Engle mwenyewe alitumaini kwamba mwishowe upendo wa Mungu hautampoteza yeyote, na kwa Wakristo wengi hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko tufe lolote la kioo. Alipoulizwa kuhusu kupigwa vita, alisema alianza kwa mshtuko, akakasirika, kisha akaachana nayo: kumbe ni matangazo mazuri.

Mwaka 2015 ulimwengu ulisoma kurasa tatu zilizoondolewa kwenye mswada, zilizopatikana na mjukuu wake, Charlotte Jones Voiklis. Ndani yake Meg anamuuliza baba yake Camazotz ilifikaje pale. Baba anajibu kwamba si lazima pawe na dikteta katili. Nchi yoyote, hata ya kidemokrasia, inaweza kufika huko ikiabudu usalama kupita kiasi, na anautaja ushawishi huo kuwa uovu mkubwa kuliko wote. Mwandishi mwenyewe aliishi bila kuabudu usalama. Mwaka 1991 aliumia vibaya katika ajali ya gari. Mwaka uliofuata, akiwa na zaidi ya miaka 70, alikwenda Antaktika, na bara hilo la barafu likawa mandhari ya riwaya yake ya 1994, Troubling a Star. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 88.

Filamu ya Disney ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ava DuVernay, iliondoa karibu maandiko yote ya Biblia. Naona ni hasara ya kweli. Katika riwaya, Meg anaporudi Camazotz peke yake kumwokoa mdogo wake aliyetekwa na IT, Bi Who anampa maneno ya Paulo kwamba upumbavu wa Mungu una hekima zaidi ya wanadamu. Bila maneno hayo msomaji anaweza kudhani Meg anashinda kwa ujasiri au kwa hasira. Hasira anaijaribu, na IT inaifurahia. Anachokuwa nacho yeye, na ambacho ubongo ule hauna, ni kwamba anampenda Charles Wallace, na ndicho anachomwambia kwa sauti hadi anamtoa pale.