Saadani si pori lenye ufukwe tu

Wengi wakisikia Saadani, hifadhi ya wanyama iliyo pwani ya Tanzania, hupata picha moja: tembo akioga baharini, mgeni kakaa kivulini na dafu lake. Tembo kufika ufukweni hutokea, sikatai. Ila ukienda kwa ajili ya picha hiyo, utarudi ukilalamika.

Hifadhi hii, iliyopandishwa hadhi kuwa ya taifa mwaka 2005, uzito wake uko mahali pasipopigwa picha sana. Pita na boti mlangoni mwa Mto Wami. Maji ni ya matope, viboko wanakoroma, na pembeni mikoko imesimama kwa mizizi yake ya juu. Katikati ya mizizi hiyo ndimo wanamokulia kamba na samaki wadogo kabla ya kwenda baharini. Mkoko ukikatwa, mvuvi wa mbali naye anaumia. Kaskazini kidogo, Madete, kasa hupanda usiku kutaga mayai, na joto la mchanga ndilo linaloamua watoto wawe majike au madume. Majike hutoka kwenye mchanga wenye joto zaidi.

Halafu kuna hili la kuiita "pori tupu". Saadani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu, na ya watumwa pia. Hapo ndipo Bwana Heri, mtawala wa Saadani, aliwakabili Wajerumani, nao wakaupiga mji kwa mizinga mwaka 1889. Kijiji bado kipo, na wavuvi wake wanaingia majini kama kawaida.