Tyubu si dawa ya tairi la tyublesi

"Fundi, niwekee tyubu zote nne, naenda Mau Narok." Mvua za masika zikianza Nakuru, ombi hili halikauki. Mwenye gari huamini tyubu ni kinga ya pili: mwiba ukipenya tairi, tyubu itabaki na upepo.

Si kweli hata kidogo. Tairi la tyublesi, yaani lililoundwa kutumika bila tyubu, lina utando wa mpira ndani unaoukumbatia msumari, upepo ukatoka polepole na ukapata nafasi ya kusimama vizuri. Tyubu ikitoboka huchanika, upepo ukakimbilia tundu la valvu, na gari likayumba mara moja. Tena ndani ya tairi hilo hakujalainishwa kwa ajili ya tyubu. Kuna mistari na vibandiko vinavyoisugua, na kwenye lami msuguano huo huzaa joto.

Topeni ndiko kubaya zaidi. Ukishusha upepo hadi psi 18 ili gari lishike, tairi huteleza kidogo juu ya rimu. Tyubu hufuata tairi, lakini valvu imeshikwa na tundu la rimu, kwa hiyo hung'oka shingoni. Hapo hakuna kiraka.

Wengi wanaoomba tyubu wana rimu chafu tu inayovujisha upepo. Jaza upepo, paka maji ya sabuni kwenye valvu, ukingoni na usoni mwa tairi, kisha tafuta mapovu. Yakitoka ukingoni, toa tairi, sugua kutu kwa brashi ya waya, futa mpaka pakauke, ufunge valvu mpya. Valvu ya mpira ni bei ndogo mno. Ibadilishe kila tairi linapotolewa, usibishane na fundi.

Land Cruiser za zamani zenye rimu za pete, yaani rimu ambazo tairi hushikwa na pete ya chuma inayotolewa, ni habari nyingine. Pale tyubu ni lazima, pamoja na flapu yake (ukanda wa mpira kati ya tyubu na rimu), kwa sababu pete haizuii upepo. Chukua tyubu ya saizi ileile, iliyoandikwa radiali kama tairi ni radiali. Kubwa hujikunja na kupasuka kwenye mikunjo. Ndogo huvutika ikawa nyembamba. Paka poda, jaza, toa upepo wote, jaza tena ili mikunjo inyooke. Usiinamie pete wakati wa kujaza: ikiruka inaua.

Ati tyubu huokoa ubavu uliochanwa na mawe makali? Nyuzi zimekatika, tyubu itatokeza kwenye mpasuko kama uvimbe mpaka ipasuke. Tupa tairi hilo.

Plagi ya kamba, ile inayosukumwa kwenye tundu kutoka nje, nayo ni ya kukufikisha gereji tu. Tundu lisilozidi milimita 6, katikati ya uso wa tairi, huzibwa kwa kiraka chenye shina kutoka ndani.

Na tairi lenye meno marefu si lazima liwe zima; huenda limezeeka. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2314 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2014.