Mashine pepe: kwa nini "hupotea" ukipandisha toleo la kompyuta

Simu iliingia asubuhi moja ya Julai, wakati ule ambao Mbeya mtu anaandika huku kavaa koti. "Fundi, mashine zimeisha zote. Nimefungua hapa, peupe." Aliyepiga ni mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo huko Rungwe. Jana yake alikubali kompyuta ya ofisi ipande toleo la mfumo wake, kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, akaiacha usiku kucha ijimalizie. Kulipokucha kila kitu kilifunguka vizuri, isipokuwa programu ya kusimamia mashine pepe, ambayo ilikuwa tupu kama daftari jipya. Na programu yake ya hesabu, ya zamani, isiyokubali kingine ila Windows 7, inaishi humo ndani.

Nilimwambia asiguse kitu, kisha nikapanda Coaster pale Uyole. Sikuwa na wasiwasi sana, na sababu yake ndiyo maana ya neno lenyewe.

"Pepe" hapa ni ile ile ya barua pepe. Barua pepe haina karatasi; mashine pepe haina bati wala waya. Ni kompyuta nzima iliyoigizwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Mfumo uliomo ndani unaona diski, RAM na kadi ya mtandao, haujui kwamba vyote ni maigizo. Kompyuta ya nje tunaiita mwenyeji, ya ndani tunaiita mgeni. Wazo si la jana: IBM walikuwa wakiuza mfumo wa namna hiyo, VM/370, tangu 1972. Lilishuka vizuri hadi mezani kwetu baada ya Intel, mwaka 2005, kuanza kuweka kwenye prosesa zao uwezo wa kusaidia mashine pepe, unaoitwa VT-x, na AMD kufuata na wao mwaka 2006.

Shida ni kwamba watu husema "mashine pepe" wakimaanisha vitu vitatu tofauti. Kuna mashine yenyewe, ambayo si zaidi ya mafaili: moja kubwa lenye diski ya mgeni, labda GB 40, na jingine dogo la maandishi linaloeleza mgeni apewe RAM kiasi gani na kadi gani. Kuna injini inayomwendesha mgeni, ambayo kwenye Linux (Ubuntu ni mojawapo) huwa ni KVM ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikisaidiana na programu ya QEMU, au moduli ya VirtualBox, yaani kipande kinachochomekwa kwenye kerneli hiyo. Halafu kuna dirisha unalobofya, kama virt-manager. Dirisha hilo ni rimoti tu. Rimoti ikikosa betri, televisheni haijafa.

Ukipandisha toleo la mfumo, kinachobadilishwa ni injini na njia inayoiunganisha na rimoti. Lile faili la GB 40 kwa kawaida haliguswi.

Ofisini Rungwe nilianza na diski. Folda ya `/var/lib/libvirt/images` ilikuwa na mafaili matatu, ukubwa ule ule wa siku zote. Mama mhasibu akashusha pumzi. Kisha nikatazama rimoti. Virt-manager haiongei na mashine moja kwa moja. Huongea na huduma inayokaa nyuma ya pazia, libvirt, na huduma hiyo ina milango miwili: wa mfumo mzima, `qemu:///system`, na wa mtumiaji binafsi, `qemu:///session`. Mashine za mlango mmoja hazionekani ukiingilia mwingine. Huduma ya mfumo haikuwaka baada ya kupandisha toleo, na dirisha lilikuwa limefunguka kwenye mlango wa mtumiaji, ambako hapakuwahi kuwa na mashine hata moja. Nikaandika:

`sudo systemctl start libvirtd`
`virsh -c qemu:///system list --all`

Majina matatu yakatokea, yote yakionyeshwa kuwa yamezimwa. Nikawasha ya kwanza, ikagoma ikidai mtandao uitwao `default` haujawashwa. Hilo nalo ni la kawaida: libvirt huwa na mtandao wake mdogo wa wageni, nao unaweza kubaki umelala huduma inapoanza upya. `sudo virsh net-start default` huuamsha, na `sudo virsh net-autostart default` huufanya uamke wenyewe siku zote.

Ya pili iligoma kwa sababu nyingine, na hii hutatanisha mafundi wengi. Faili la maelezo hutaja hata aina ya bodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, anayoigiziwa mgeni, pamoja na toleo lake. QEMU mpya hustaafisha bodi za zamani sana, hivyo mgeni aliyetengenezwa miaka mingi nyuma anaomba bodi ambayo haipo tena stoo. Unapata orodha ya zilizopo kwa `qemu-system-x86_64 -machine help`, kisha unafungua maelezo kwa `virsh edit` na kubadilisha jina la bodi liwe la karibu nalo. Usihame kutoka familia ya bodi za zamani, i440fx, kwenda ile mpya, q35, kwa kudhani kipya ni bora. Windows iliyomo ndani inaweza kukataa kuwaka.

Wanaotumia VirtualBox wana ugonjwa wao. Injini yake huja na moduli inayoundwa kwa ajili ya kerneli ile ile iliyopo. Kerneli ikibadilika, moduli ya jana ni spea ya Noah kwenye Coaster. Mara nyingi dawa ni kusakinisha vichwa vya kerneli mpya, yaani mafaili ya kuundia moduli (`linux-headers-$(uname -r)`), na kuendesha `sudo /sbin/vboxconfig`. Kama Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka, imewashwa, moduli isiyosainiwa hukataliwa, na ile skrini ya bluu inayotokea kompyuta inapowaka ili uidhinishe saini, wengi huipita kwa haraka kisha wanalalamika. Tena kuanzia kerneli 6.12, KVM hushika VT-x mara tu inapopakiwa hata kama huitumii. VirtualBox ikija inaweza kukuta usukani una mtu, ikatoa kosa la `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE`. Iondoe KVM kwa `sudo modprobe -r kvm_intel`, au `kvm_amd` kwa prosesa za AMD, na VirtualBox itapita.

Upande wa Windows ugomvi ni huo huo. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wakahamia Windows 11, ambayo hupenda kutumia VT-x kwa ulinzi wake yenyewe. VirtualBox huendelea kufanya kazi lakini kwa kujikokota, ikikuonyesha kobe wa kijani chini ya dirisha. Ukizima kipengele kimoja cha ulinzi huo, Memory integrity, kobe anaweza kuondoka, ila umepunguza ulinzi. Kwa kompyuta inayoshika pesa za watu, mimi namwacha kobe.

Nisichomwacha mtu afanye ni kufuta mashine na kuanza upya. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, Iringa, kwenye duka moja la kuchapa pale Kihesa, niliona mashine imegoma nikasema ngoja niiondoe kwenye orodha niiingize tena. Kile kidirisha cha kufuta kina kiboksi cha kufuta pia mafaili ya diski. Sikukisoma. Injini ingepona kwa dakika kumi, diski haikurudi.

Mashine ya tatu pale Rungwe, ingawa orodha ilisema imezimwa, kwa kweli ilikuwa imelazwa: mama alikuwa akiogopa umeme kukatika, kwa hiyo kila jioni aliihifadhi ikiwa katikati ya kazi badala ya kuizima. Kumbukumbu iliyolazwa na QEMU ya zamani si lazima ikubaliwe na mpya, na hii ilikataliwa. Nikamweleza kwamba tukitupa usingizi ule kwa `virsh managedsave-remove`, diski inabaki ila chochote ambacho hakikuhifadhiwa kinakwenda. Akafikiri kidogo, akavuta droo, akatoa stakabadhi sita za marejesho za juzi zilizobanwa kwa pini.

"Tupa, fundi. Hizi nitaziingiza tena kwa mkono."