Mwalimu akikuita skuli, hujashtakiwa

Mzazi anayekuja skuli kwa kuitwa namjua kabla hajafika mlangoni. Amevaa buibui la kutokea, uso umekaza, na mkono umemshika mtoto kama anampeleka kwa sheha. Jana yake nimetuma salamu tu, "Mwambie mama aje tuzungumze," na mama usiku kucha hakupata usingizi. Akishakaa, neno lake la kwanza ni lile lile: "Kafanya nini, Mwalimu?"

Hajafanya kitu. Nimemwita kwa kuwa mtoto aliyekuwa akiimba kuwashinda wenziwe wote ana wiki mbili hafungui mdomo.

Nimesomesha madarasa ya chini hapa Pemba kwa miaka mingi. Kinachoniuma zaidi ni watoto ambao shida yao ilionekana darasa la kwanza, ikasemwa darasa la nne, ikashughulikiwa wakati wameshaacha skuli. Baina ya kuonekana na kusemwa kuna maneno tunayoyaamini, sisi walimu na wazee wao sawasawa.

"Mzazi akiitwa, ana kesi"

Hili tumelizalisha walimu wenyewe. Kwa muda mrefu mzazi alikuwa haitwi ila pana dirisha limevunjwa au mchango haujatolewa. Leo tukimwita kwa wema, haamini, na simlaumu.

Juu ya hilo pana stara. Ya chumbani kwetu hayatoki barazani. Talaka imepita, baba yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, mama kaenda Unguja kutafuta riziki, mtoto kahamia kwa bibi yake, na skuli haikuambiwa lolote. Anayetuambia ni mtoto, kwa namna zake: analala juu ya dawati, anawapiga wenziwe, analia begi lake likiguswa.

Stara ni kitu chema na sitaki ituondoke. Lakini mwalimu hana haja ya kujua nani alimkosea nani. Anachohitaji ni mambo matatu: mtoto kahama nyumba, anakolala sasa ni mbali, na asubuhi hakuna wa kumchemshia chai. Kwa hayo tu naweza kumtafutia mwanafunzi mkubwa wa njia moja waje pamoja, nikamsogeza kiti cha mbele, nikaenda kumsalimia bibi yake. Wazee walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa watu wasiojua thamani ya stara.

Wengine wanaogopa kwamba wakisema, watoto watachukuliwa. Mwalimu hana mamlaka ya kumwondoa mtoto kwao. Ofisa ustawi wa jamii wa wilaya naye, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzungumza na familia, kusuluhisha, na kuhakikisha matunzo ya mtoto yanapatikana. Jambo moja silifichi, nalo nawaambia wazazi tangu mwanzo wa mwaka: mtoto akidhalilishwa, au akipigwa mpaka akaumizwa, hiyo siwezi kuiweka siri. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, inamtanguliza yeye. Ndiyo maana vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha hospitali ya Chake Chake, ambako matibabu, polisi na ushauri nasaha vimewekwa pamoja ili mtoto asizungushwe ofisi hii na ile kusimulia maumivu yale yale.

"Huyu mzembe tu"

Hapa nitakaa kidogo, kwani msemaji wa maneno haya nimewahi kuwa mimi.

Nilikuwa na mtoto akijibu nisiloliuliza. Nikisema toeni madaftari, yeye anatazama wenziwe kwanza ndipo atoe. Nilimsimamisha mbele ya darasa si mara moja. Siku moja akiwa kanipa mgongo nikamwita kwa sauti ya kawaida, hakugeuka. Nikasogea, nikarudia, hakugeuka. Kituo cha afya walipomwangalia, masikio yote mawili yalikuwa na maji nyuma ya ngoma, yaliyobaki baada ya mafua. Alikuwa akisikia nusu ya maneno na nusu akiyabuni. Hali hiyo huja na kuondoka, ndiyo maana nyumbani walisema, "Akitaka husikia." Na sikio linalotoa usaha lisiitwe maji ya pwani. Ni maradhi, yanatibika, na yakiachwa hupunguza usikivu kwa kudumu.

Macho nayo ni hivyo hivyo. Anayenakili ubaoni akakosea kila mstari, anayeinamia daftari mpaka pua iguse, anayefinya jicho moja, huyo apimwe kabla hajaitwa mjinga. Kile kibao chenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku hakihitaji mtoto ajue kusoma. Anaonesha kwa vidole tu herufi imeelekea wapi.

Halafu kuna kichocho. Cha kwetu visiwani ni cha mkojo, kinapatikana kwenye mito, madimbwi na mabonde ya mpunga, ambako konokono wa maji baridi ndio wanaowabeba wadudu wake. Mtoto hukojoa damu, akaona haya, akanyamaza. Huku damu inapungua, anachoka, anasinzia saa tatu asubuhi, nasi tunamwita mvivu. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa 2000, imekuwa ikiyachunguza maradhi haya na minyoo kwa watoto wetu hawa hawa wa Pemba. Dawa yake, praziquantel, hutolewa skuli kwa kumpima mtoto urefu kwa kijiti ili kujua vidonge vingapi vinamtosha. Wanaotapika au kuona kizunguzungu mara nyingi ni waliomeza bila kula. Kwa hiyo siku ya dawa mtoto aje ameshiba, hata kama ni kipande cha muhogo, na asifichwe nyumbani.

"Ataacha mwenyewe akikua"

Pengine kweli ataacha. Watoto wengi wenye kigugumizi wakiwa na miaka mitatu au minne husema vizuri baadaye. Kukojoa kitandani kwa mtoto wa miaka sita ni jambo la kawaida, wala halitaki kuaibishwa mbele ya wageni.

Yasiyosubiri ni mengine: mtoto aliyekuwa akisema akanyamaza, aliyekuwa mkavu usiku kwa mwaka mzima akaanza tena kukojoa, asiyefahamika anachosema na yuko darasa la kwanza, anayeduwaa ghafla, macho wazi, kisha akarejea kama aliyetoka safari. Huyu wa mwisho watu husema kapandwa. Kisomo kisomwe, mimi sikikatazi, lakini kuduwaa kwa namna hiyo huenda ikawa kifafa. Kifafa kina dawa hospitalini, na dawa na dua havigombani.

"Maandalizi ni kuchezacheza, na mimi sijasoma nitamsaidia nini?"

Haya ni mawili, lakini huja pamoja kinywani mwa mtu mmoja.

Tangu sera ya elimu ya 2006, miaka 2 ya maandalizi, yaani masomo ya kabla ya darasa la kwanza, ni sehemu ya elimu ya lazima Zanzibar. Jambo lenyewe si geni kwetu. Mpango wa elimu ya awali wa madrasa ulioanzia Mombasa uliingia visiwani 1990, ukachanganya dini, nyimbo na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa na watu wa kijijini wenyewe. Baadaye vikaja vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, masomo yakipita redioni na mlezi akiwa mtu wa kijiji hicho hicho. Mtoto anayepanga makome kwa ukubwa anajifunza hesabu. Anayesubiri zamu yake kwenye nage anajifunza kitu ambacho mimi darasani kingenichukua muhula mzima kumfunza. Na mwalimu wa maandalizi ndiye wa kwanza kuona nani hasikii, nani haoni, nani ana hofu. Mtoto aliyepitishwa moja kwa moja mpaka darasa la kwanza ametukosesha miaka miwili ya kumjua.

Ama huyo anayesema hakusoma: bibi anayeanza "Paukwa!" na wajukuu wakaitikia "Pakawa!" anampa mtoto maneno, mpangilio wa kisa na subira ya kusikiliza, na hivyo ndivyo vinavyombeba akianza kusoma. Mama anayesuka makuti akamwambia mtoto, "Nihesabie korija," amemsomesha ishirini kwa mikono. Ninapokutana na wazee wasiojua kusoma siwapi kazi ya kukagua daftari. Nawaomba wamuulize mtoto kila jioni leo kafurahi nini na kaudhika nini, kisha wanyamaze wamsikilize. Wanaoifanya kazi hii huja kuniambia mambo ambayo daftari lisingeyaonesha kamwe.

"Skuli ni bure, hakuna kinachomzuia mtoto"

Elimu ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, na ni neema kubwa. Lakini sare, viatu na chai ya asubuhi havikutangazwa. Mtoto asiye na sare ya pili hufua Jumatano na kukosa skuli Alkhamisi. Tunaweza kumpatia, tena kimya kimya, mkubwa aliyemaliza akarithisha yake, ilimradi mtu aseme. Kumsimamisha nje ya mstari kwa sababu ya viatu ni dhulma, na nimeiona ikifanywa.

"Samaki mkunje angali mbichi"

Methali hii hutajwa mno bakora inapoinuliwa. Basi tuwaulize wavuvi. Samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu. Hapigwi akakunjika. Mtoto wa miaka sita aliyechapwa kwa kutojua kusoma hujifunza kujificha, na anayejificha hataniambia kwamba haoni ubao. Yule wangu wa masikio, nilipokwisha kujua, nilimwomba radhi. Alinitazama kwa mshangao. Nadhani hakuwahi kuombwa radhi na mtu mzima.

"Mwenye ulemavu kwao ni skuli maalumu"

Wizara ina Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha, na msingi wake ni kuwa mtoto asome karibu na kwao, na wenziwe wa mtaani. Mlangoni pakiwekwa mteremko badala ya ngazi, kiti kikawa mbele, mwenziwe akamsomea maandishi ya ubaoni, wengi husoma bila ya kuhamishwa. Wapo wanaohitaji zaidi ya hapo, na walimu tunahitaji mafunzo zaidi ya tuliyonayo. Lakini wanaonitia huzuni ni wale ambao hatujawahi kuwaandikisha, wamekaa uani miaka minane, na jirani ndiye anayenong'ona kwamba pale pana mtoto mwengine.

"Hayo ni ya mama"

Mikutano yetu ya wazazi ilikuwa ya wanawake watupu. Tulisema wanaume hawajali, tukaishia hapo. Kisha mjumbe mmoja wa kamati ya skuli, mvuvi wa dagaa, akatuuliza mikutano tunaipanga kwa kalenda ipi. Tukamwambia, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Akacheka, akasema wao kalenda yao ni mwezi wenyewe: gizani wako baharini na taa zao, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki, wako nyumbani wanashona nyavu.

Tukahamisha mkutano tukaupeleka siku za mbalamwezi, baada ya sala ya Ijumaa. Wa mwanzo walikuja kumi na moja. Walikaa nyuma, karibu na mlango, na mmoja wao, mkutano ulipokwisha, alibaki. Alizunguka madawati madogo yale akiyagusagusa, kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, mwanawe hukaa lipi.