Crohn ya njia ya haja kubwa: utajuaje imezidi au inapona? Maswali na majibu

Hivi huu sio bawasiri kweli?

Hapana, na wengi wanapoteza miaka wakipaka dawa za bawasiri. Crohn ni ugonjwa wa utumbo wa muda mrefu, kinga ya mwili inauchoma utumbo wenyewe, na unaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka chini kabisa. Jina ni la Burrill Crohn wa hospitali ya Mount Sinai kule New York, yeye na wenzake wawili ndo waliuandika mwaka 1932. Kwa baadhi ya wagonjwa unashuka mpaka pembeni ya tundu la haja kubwa, hapo ndo yanakuja michaniko, majipu na fistula, yani kinjia kinachojitoboa toka ndani ya utumbo mpaka kwenye ngozi ya makalio kikawa kinatiririsha usaha. Huku kwetu ukisema fistula watu wanafikiria ile ya akina mama waliopata uzazi pingamizi, hii ni nyingine kabisa, wanaume wanapata vile vile.

Na kabla ya kuanza dawa hakikisha umepimwa TB. TB ya utumbo inafanana sana na Crohn, alafu dawa nyingi za Crohn zinashusha kinga, sasa mwenye TB akipewa hizo TB inalipuka.

Kwenye faili wameniandikia "fistula tata", ndo imeshakuwa mbaya?

Sio lazima, hapo daktari anaongelea njia inakopita. Tuna misuli miwili ya kubana choo, wa ndani unaojibana wenyewe na wa nje unaoubana wewe ukiwa kwenye daladala na choo kiko mbali. Mwaka 1976 daktari mpasuaji Parks wa hospitali ya St Mark's, London, na wenzake walizigawa fistula makundi 4 kwa kuangalia kinjia kinapitaje kwenye hiyo misuli. Siku hizi madaktari wengi wanafupisha: rahisi ni ile inayopita chini, ina tundu moja tu nje, haina jipu, haijabana njia ya choo wala haijatokea ukeni. Ikipita juu au ikiwa na hayo mengine inaitwa tata.

Ramani hii ina kazi kubwa, maana fistula inayopita juu ukiipasua ovyo unakata msuli na mtu anabaki hawezi kuzuia choo. Ndo maana nyingi wanapitisha uzi laini kwenye kinjia na kuuacha umelegea, usaha uwe unatoka usituame, huku dawa zinafanya kazi. Ukiona uzi unaning'inia usiuvute, umewekwa makusudi.

Sasa ukali wenyewe unapimwaje?

Kuna kipimo kinaitwa PDAI, kilitoka Kanada mwaka 1995. Hakina mashine, ni vitu 5, kila kimoja maksi 0 mpaka 4, jumla 20: usaha unaotoka, maumivu na jinsi yanavyokuzuia shughuli, tendo la ndoa, aina ya tatizo lenyewe, na ugumu wa ngozi pale pembeni ikiguswa.

Chukua mama mmoja wa kufikirika anayeuza nguo sokoni. Ana fistula moja, maksi 2. Usaha wa wastani, 2. Kukaa kwenye stuli saa nzima hawezi, anasimama simama na baadhi ya siku hafungui biashara, 2. Tendo la ndoa limepungua kidogo, 1. Ngozi imekuwa ngumu kidogo, 1. Jumla 8. Ikizidi 4 kwa kawaida ugonjwa unahesabika uko hai, kwahiyo huyu anahitaji matibabu ya nguvu hata kama tundu ni moja tu. Miezi 3 baadaye akirudi ana 3 tunajua dawa inafanya kazi, akirudi ana 11 tunajua haifanyi.

Jamani hilo la tendo la ndoa lazima niseme?

Sema. Najua ni aibu, hasa kama daktari ni kijana wa umri wa mwanao, ila ukinyamaza wanakuandikia 0 na unaonekana una nafuu ambayo huna. Unaweza kuomba daktari wa jinsia yako au kumuomba aliyekusindikiza asubiri nje kidogo.

Usaha umekauka wiki ya pili sasa, nimepona?

Bado mapema. Kwenye utafiti uliotoka 1999 wa infliximab, dawa ya sindano ya Crohn inayoshusha kinga, fistula ilihesabika imefunga pale tu daktari akiibonyeza taratibu kwa kidole na kisitoke kitu, tena kwa mahudhurio mawili mfululizo yaliyopishana angalau wiki 4. Na hata hapo ngozi inafunga kabla ya ndani, kwenye MRI, kile kipimo cha mashine kinachopiga picha za ndani ya mwili, kinjia kinaweza kuonekana bado kina maji na uvimbe miezi mingi baada ya nje kukauka, ndo maana ukijisikia vizuri usiache sindano kimya kimya. MRI ni ghali najua, kama huwezi kuipata mara kwa mara muulize daktari ipi ni ya lazima, mara nyingi ni ile ya mwanzo na ile ya kabla ya kubadilisha dawa au kutoa uzi.

Nyumbani niandike nini?

Daftari dogo linatosha. Kila siku andika pedi au vitambaa vingapi vimelowa na rangi ya uchafu, umeweza kukaa muda gani, choo kimekuponyoka au la. Na andika pia siku ambayo usaha umekatika ghafla huku maumivu yanapanda na unaanza kuhisi homa, maana hapo tundu limeziba kwa juu na jipu linajaa chini yake. Hiyo usingoje tarehe ya kliniki wala kunywa antibayotiki za dukani ukatulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo wakalifungue, hata kama ni usiku.